Doña Herminia na Toleo la Televisheni

Filamu ya kisasi ikishapata sehemu ya pili, haya imekwisha. Nimekodisha kanda za video kwenye Mtaa wa Kwanza, hapa Boyle Heights, miaka mingi, na nimeyaona yote: mtu anauawa, anafufuka, anawamaliza waliomuua, anarudi kaburini kupumzika, watazamaji wanafuta machozi. Mwaka unaofuata wenye pesa zao wanakwenda kumchimbua tena. Ndivyo walivyoifanya *Mfu Hasamehi*. Ile ya kwanza niliipenda hadi nikabandika bango lake juu ya kaunta ya duka. Ya pili, *Mfu Hasamehi: Mji wa Majivu*, niliichukia kabla sijaiona, nikaichukia zaidi nilipoiona. La kuvunda halina ubani. Na bado hakuna filamu niliyoitazama mara nyingi kama hiyo, kwa sababu ya mwanamke mmoja ambaye naye hakuipenda hata kidogo.

Doña Herminia Zamudio alikuwa jirani yangu, nyumba ya tatu kutoka dukani. Alivuka mpaka kutoka Zacatecas akiwa msichana, akaingia kiwanda cha jinzi huko mjini, akapewa mifuko ya nyuma ashone, na hakuhamishwa tena. Maisha yake yote, mifuko ya nyuma. Akisimama kwenye foleni ya posta alikuwa anayakodolea macho makalio ya mtu wa mbele yake bila haya, kisha anasema kwa sauti, "Mfuko huo kaushona mlevi." Jumapili aliuza tamale, unga wa mahindi na nyama uliofungwa kwa maganda, mbele ya kanisa, na ole wako uombe upunguziwe. Mwenye nyumba alipokataa kutengeneza mashine ya maji moto, Doña Herminia alimfuata ofisini kwake akiwa na taulo na sabuni, akauliza bafu liko wapi. Mashine ilitengenezwa siku hiyo hiyo. Mimi nilimwogopa na nilimpenda, na sikuona kwamba mambo hayo mawili yanagombana.

Mumewe, Don Fidencio, alikuwa fundi sofa, mpole, mchelewaji. Utotoni alipigwa teke na punda, mguu ukaunga vibaya, na tangu hapo alitembea kama mtu anayeruka kamfereji kila baada ya hatua moja. Ungemjua kutoka mwisho wa mtaa. Vijana wa dukani kwangu walimtania kila alipopita.

"Don Fidencio, angalia mfereji huo!"

"Siruki mfereji, wajukuu. Naruka akili zenu, mmezimwaga njiani."

Hakuwa na haya na mguu wake, isipokuwa mbele ya kamera. Sijui kamera ilimfanya nini mzee yule. Picha zake zote, ya harusi, za ubatizo, za Krismasi, amekaza uso na mabega kama mtu anayesubiri kuchomwa sindano. Mkwewe aliponunua kamera ya video, Don Fidencio aliketi kwenye kiti na akakataa kuinuka mpaka ilipozimwa. Kwa hiyo watu wote walicheka waliposikia kwamba ni yeye, kati ya wazee wote wa mtaa, aliyechukuliwa kuigiza.

Ilikuwa vuli ya mwaka tisini na tano. Watu wa filamu walikuja kupiga picha kwenye makaburi yetu, wakawasha mishumaa mingi kuliko tunayowasha sisi kwa wafu wetu wa kweli, na wakatafuta wenyeji wa kupitapita na maua. Mwongozaji alimwona Don Fidencio akija kutoka langoni na ndoo yake, akasimamisha kazi. Alitaka mwendo ule. Akampa nafasi ya peke yake: yule mfu, ambaye mikono yake inadondosha majivu, amepiga magoti kwenye kaburi la mdogo wake analia, watu wote wamemkimbia, mzee mmoja tu anapita nyuma yake na ndoo ya maua, anamwinamishia kichwa kama jirani, anaendelea na safari yake. Basi. Hakuna neno la kusema. Doña Herminia alikuwa kiwandani siku hiyo, hakuona kitu.

"Nimesalimiana na maiti, Beto," Don Fidencio aliniambia jioni, kifua kimemjaa. "Maiti mwenyewe mtu mzuri. Kaniomba sigara."

Hakujaliwa kuiona filamu yenyewe. Mwezi wa pili moyo wake ulisimama akiwa kazini, amepiga magoti mbele ya kochi la watu, misumari midogo bado ameibana mdomoni kama mafundi wale wanavyofanya. Tulimzika kwenye makaburi yale yale.

Agosti filamu ilipotoka, Doña Herminia alibeba mtaa mzima kwenda sinema. Alivaa nguo ya msiba, akatia na hereni. Tulijaza safu mbili. Mabinti zake walikuwepo, wakwe, wajukuu wote, na Doña Chayo wa duka la mikate, ambaye hajawahi kukosa jambo lolote ambalo linaweza kuharibika. Tukatazama mfu anafufuka. Tukatazama anakata watu. Yakafika makaburi, nikamwona Doña Herminia amekaa ukingoni mwa kiti. Na hapo hapo picha ikaruka, mfu yuko juu ya paa la gereji anamning'iniza mtu kwa mnyororo. Kilio hakipo. Mzee hayupo.

Alisubiri mpaka mwisho. Akasubiri majina yote yapande, ya wapishi na ya madereva, akiyafuata kwa kidole hewani. Taa zikawashwa. Akaja mfagiaji.

"Herminia," Doña Chayo akasema, "mumeo alikuwa nyota wa aina gani? Maana kuna nyota za mchana, hazionekani."

Doña Herminia alimpa mgongo. Aligeuka kwangu.

"Beto, wamemweka wapi?"

"Wamemkata, Doña."

"Kukata ndiyo kutupa?"

"Sijui. Mara nyingi wanaweka kando."

"Basi hajatupwa. Yuko kando."

Nilisikia baadaye kutoka kwa wakala anayeniletea kanda jinsi ilivyokuwa. Wenye pesa waliionyesha filamu kwa watu wa kujaribia, watu wakapiga miayo, ikatolewa amri kila penye utulivu pakatwe, watu wafe upesi. Mwongozaji aligomba, akashindwa, akasusa. Kuna aliyeniambia alilia, lakini sikumhurumia sana, kulia kwake kulilipwa.

Wiki moja baada ya sinema, Doña Herminia alikuja dukani. Hapakuwa na mteja. Alishika kanda moja, akaigeuzageuza, akairudisha mahali pasipo pake.

"Unadhani nataka aonekane na watu, si ndiyo? Nimkomoe Chayo."

"Hata ungetaka si dhambi."

"Uso wake ninao, Beto. Upo ukutani, upo kwenye pochi. Kila mahali amesimama wima ananitazama kama askari. Mimi niliolewa na mtu anayetembea. Zamani nikifumba macho namwona anakuja kutoka kituo cha basi, anaruka ule mfereji wake. Sasa nikifumba macho amesimama tu. Ananigandia. Kichwa changu kinaisahau miguu yake." Akapiga kaunta kwa kiganja. "Nataka nimwone akitembea. Mara moja tu inatosha. Nikimpoteza na hapo, sasa nitakuwa nimebaki na nini?"

Nikamwambia nitatafuta.

Mwaka uliofuata niliamini nimempata. Ilitoka kanda yenye maandishi makubwa: toleo la mwongozaji, filamu kama alivyoitaka mwenyewe, picha nzima kwa upana wake wa sinema. Nilifunga duka mchana, nikamwita, nikamwekea kiti na kahawa. Na kweli lilikuwa toleo tofauti. Mdogo wa mfu alionyeshwa enzi za uhai wake, mvua ilinyesha mahali palipokuwa pakavu, mwishoni mfu hakuua aliyebaki bali alimwacha aishi na aibu yake. Filamu bora mara mbili, nasema bila kinyongo. Makaburi yakaja. Mfu amepiga magoti, analia, tumeonyeshwa machozi kwa karibu mno mpaka vinyweleo vya pua, kisha anasimama. Mzee hakupita.

Doña Herminia alimaliza kahawa yake kwanza.

"Huyu si ndiye aliyempenda Fidencio? Si ndiye aliyesimamisha kazi ili ampate?"

"Ndiye."

"Sasa mbona na yeye kamtoa?"

Swali hilo lilinisumbua hata mimi. Wenye pesa ninawaelewa. Lakini mwongozaji alipewa kila kitu arudishe, akarudisha mpaka mbwa anayevuka barabara, na mzee aliyemchagua mwenyewe akamwacha nje.

Sasa, kuna jambo ambalo mtu aliyekaa na filamu muda mrefu analijua. Televisheni ya mchana haionyeshi damu wala matusi. Filamu kama hii wakishaipokea wanaichinja wao tena: kisu hakiingii, kichwa hakidondoki, matusi yanafunikwa. Wakimaliza, filamu imekuwa fupi kuliko nafasi iliyokwishauzwa kwa matangazo. Wanafanyaje? Wanarudi kwenye vile vilivyowekwa kando na kuziba mashimo na chochote kisicho na madhara, watu wanaokunywa chai, wanaopanda ngazi, wanaosali. Ukiiondolea kisasi filamu ya kisasi, kinachobaki ni maziko. Nilipomweleza Doña Herminia hayo, na kwamba wakala wangu anaijua nyumba kule Burbank wanakotayarisha toleo la televisheni, nilikuwa najisemea tu. Nilipoinua macho alikuwa ameshavaa koti.

"Leo hapana, Doña. Nani atakaa dukani?"

"Kesho basi. Leo nitapika."

Mkono mtupu haulambwi. Kesho yake tulikwenda Burbank na gari langu la mizigo, yeye amepakata sufuria ya tamale iliyofungwa taulo, anailinda kwenye kila kona kama mtoto mchanga. Msichana wa mapokezi alitupokea kwa meno mazuri sana na akatuambia kwa upole mtu wa nje haruhusiwi. Doña Herminia akamshukuru, akaketi. Msichana akarudia. Doña Herminia akasema amesikia mara ya kwanza, masikio yake ni mazima, miguu ndiyo inahitaji kupumzika. Mwishowe mlinzi alitutoa nje mpaka kwenye maegesho, tena kwa heshima, na akaondoka na tamale mbili.

Huko maegeshoni alikuwepo mwanamume wa makamo, miwani shingoni, anavuta sigara karibu na mlango wa nyuma. Uso wake ulikuwa mweupe wa mtu ambaye kazi yake iko gizani. Doña Herminia hakujitambulisha.

"Wewe umekonda. Kula."

Aliitwa Hrair Tashjian, Mwarmenia wa Glendale, na alikula kama mtu ambaye mkewe anamlisha mboga kwa amri ya daktari. Kwenye tamale ya pili alituambia kazi yake, na mimi nusura nipige magoti: ndiye aliyekuwa anaihamisha *Mji wa Majivu* kutoka picha ya sinema kwenda picha ya televisheni. Doña Herminia akamweleza. Akasikiliza, akafuta vidole, akasema hawezi kutuingiza, atafukuzwa. Lakini ataangalia. Akaingia ndani. Tulikaa kwenye ngazi.

Alirudi haraka.

"Ipo. Makaburini. Mzee ana ndoo ya maua."

Doña Herminia akashika mkono wangu, akaubana mpaka pete yake ikaniumiza.

"Lakini mama, kwenye televisheni hataonekana."

"Umesema yupo!"

"Yupo. Sikia." Akachukua kifuniko cha kasha la vitambaa vya karatasi tulilokuja nalo kwa ajili ya tamale, kirefu, akakiweka juu ya ngazi. "Picha ya sinema ni pana hivi. Televisheni ni mraba, kama hivi." Akafunika pembeni kwa viganja vyake. "Lazima nikate pande. Nyota yuko kushoto amepiga magoti. Mzee anapita kulia, pembeni kabisa. Mraba hauwatoshi wote wawili."

"Nani anaamua mraba ukae wapi?"

"Mimi. Halafu msimamizi anapitia."

"Basi usogeze kwa Fidencio."

Hrair akacheka, akaona anacheka peke yake.

"Mama yangu, nyota analia pale. Ndiyo mara pekee analia filamu nzima. Wamemlipa mamilioni alie."

"Anamlilia nani?"

"Mdogo wake aliyekufa."

"Mdogo wake yuko hai, nimemwona gazetini amevaa kaptula. Wangu kafa kweli. Anayelia uongo aonekane nchi nzima, aliyekufa kweli asipite hata nyuma yake?"

"Nikimwacha nyota nje watasema fundi alisinzia."

"Si useme ulisinzia."

"Doña," nikasema, "mtu ana watoto."

"Hata mimi nina watoto, Beto. Simwombi auze figo."

Hrair aliwasha sigara nyingine. Akamuuliza, si kwa ubaya, kwani hana picha za mumewe. Doña Herminia akamweleza yale aliyonieleza mimi, kuhusu kusimama na kutembea. Hrair akauliza alikuwa anatembeaje. Na Doña Herminia, mwanamke wa miaka sitini na kitu, magoti yameisha kwa kukanyaga cherehani, alishika sufuria yake kama ndoo, akatembea katikati ya magari ya watu wa Burbank, hatua moja ya kawaida na moja ya kuruka mfereji, bega linashuka, linapanda, kichwa kinakuja nyuma kidogo kama kilichosahaulika. Nilimwona Don Fidencio. Naapa nilimwona. Niligeukia upande wa ukuta kwa sababu sikutaka Mwarmenia nisiyemjua aone uso wangu.

Hrair alikuwa ameisahau sigara yake.

"Alitembea hivyo siku zote?"

"Tangu nimjue."

"Nitaangalia tena," akasema. Hakuahidi zaidi ya hapo.

Siku ya kuonyeshwa ilitangazwa, Jumamosi alasiri, na mimi nilitaka tutazame wawili tu, kimyakimya, ili akikosekana aibu iwe ndogo. Nilimkuta anakanda unga wa watu thelathini.

"Doña Herminia, subiri kwanza tuone kama yupo. Wakishaona wao, watakucheka tena. Chayo…"

"Chayo nimemwalika wa kwanza. Nisubiri nini? Msiba wake niliita watu. Kurudi kwake nisiite?"

Nilipeleka televisheni kubwa ya duka sebuleni kwake, na mashine ya kurekodia. Watu walijaa mpaka ngazini. Na lazima niseme, toleo lile lilikuwa kichekesho kitupu. Jambazi aliinua kisu, na mara moja mtu amekwishalala chini, safi, mikono kifuani. Mahali pa tusi zito kabisa sauti ya mtu mwingine ilisema, "Nitakukomesha, mtu mbaya wewe!" Wajukuu walianguka kwa kicheko. Katikati ya vita, bila sababu, mtu alipanda ngazi za ghorofa nne, polepole. Doña Herminia hakucheka wala hakula. Alikuwa ameweka kiti chake karibu na kioo kiasi cha kuunguzwa.

Makaburi yakafika. Mfu kapiga magoti. Majivu yanadondoka. Analia, na nyuma yake kuna mawe ya makaburi tu. Nilihesabu moyoni, nikajua ndiyo basi, Hrair ameogopa, na nani angemlaumu. Nikaanza kutafuta maneno ya kumwambia.

Ndipo picha ikasogea. Polepole, kwenda kulia. Uso wa nyota ukafika ukingoni, ukakatwa katikati, likabaki sikio, likabaki bega, likaondoka.

"Beto, televisheni yako imeharibika," Doña Chayo akasema.

Ikaingia ndoo. Ikafuata mikono. Akaingia Don Fidencio, mzima, katikati ya kioo, yeye na maua yake, na kile kilio cha mamilioni kinasikika tu kutoka pembeni kama redio ya jirani.

Nyumba ililipuka. Binti mkubwa alipiga yowe, wajukuu wakasimama juu ya makochi, wanaume wakapiga makofi, mimi nikapiga mluzi. Doña Chayo akafanya ishara ya msalaba. Kisha nikamtazama Doña Herminia. Yeye hakupiga makofi.

"Nani huyo?" akasema taratibu.

Nikatazama vizuri. Mzee alikuwa amenyooka kama mshumaa wa altare. Kidevu juu, kifua mbele, miguu yote miwili sawasawa, hatua za gwaride. Kamera ilipowaka alikuwa amejikaza, kama kwenye picha ya harusi. Sijui alijifunza lini kutembea hivyo, wala mguu ule ulimuuma kiasi gani. Na hapo ndipo nilipoelewa kwa nini hata mwongozaji alimwacha nje: alichagua mwendo mmoja, akaletewa mwingine. Tumesubiri miaka miwili, tumekwenda mpaka Burbank, mtu amehatarisha kazi yake, na mzee amekuja bila miguu yake. Nilimkasirikia. Nilimkasirikia marehemu mbele ya mjane wake.

Alifika nyuma ya mfu, akainamisha kichwa, kwa heshima, kama jirani. Kazi yake iliishia hapo. Fundi yeyote mwenye akili timamu angerudisha mraba kwa nyota wakati huo, maana sasa nyota alikuwa anasema maneno ya kuapa, tunayasikia. Hrair hakuurudisha. Baadaye wakala aliniambia msimamizi alimuuliza, akajibu alisinzia. Alikaa na mzee, akamfuata na ndoo yake mpaka ukingo wa mwisho wa picha, kule ambako hata sinema hakuna anayetazama, kule ambako Don Fidencio aliamini ameshatoka na hakuna anayemwona tena.

Mabega yakashuka. Akahamishia ndoo mkono wa pili. Akaruka mfereji.

"Ndiye!" Doña Herminia alikuwa amesimama, viganja vyote viwili juu ya kioo. "Ndiye huyo! Mmemwona? Ndiye!" Akaruka tena, bega likashuka, likapanda, kichwa kikaja nyuma kidogo, kisha ukingo ukammeza, na likaingia tangazo la sabuni.

Hakuna aliyesogea kuipunguza sauti. Doña Chayo alikuwa analia waziwazi, mkate mkononi. Mimi pia. Filamu ilirudi, bado walibaki wauaji watatu wa kufa, na hakuna mtu katika nyumba ile aliyejali watakufaje. Doña Herminia alifuta mashavu yake kwa aproni, akageuka, sauti yake ile ile ya siku zote.

"Beto. Irudishe nyuma."

Nilizima kurekodi, nikarudisha kanda mpaka mwanzo wa makaburi. Nyota akapiga magoti, picha ikasogea, Don Fidencio akaingia amenyooka, mzuri, kidevu juu, na watu wakaanza tena kupiga makofi.

"Siyo hapo," akasema, anaketi. "Huyo ni mwigizaji. Peleka mbele, niletee mume wangu."